Mwili wa jeshi haujengwi usiku wa kuamkia usajili

KILA mara Wizara ya Ulinzi inapotangaza nafasi za makurutu, mambo mawili huonekana kote nchini. La kwanza ni vijana kukimbia. Alfajiri, kwenye barabara za vumbi, katika viwanja vya shule na kando ya reli, utawaona wakitimua mbio kwa viatu vya kila aina, na wengine wakiwa miguu mitupu. La pili ni wazazi kuhangaika kutafuta pesa, kwa maana kuna mtu aliyewanong'onezea kwamba bila "kitu kidogo" mtoto wao hatachukuliwa.

Mbio hizo huanza wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Pesa hizo nazo hupatikana kwa kuuza ng'ombe, kukodisha shamba au kukopa kwa riba. Kwa maoni yangu, mambo haya mawili yametoka katika mzizi mmoja, nao ni imani kwamba nafasi ya jeshi ni kitu cha kunyakuliwa kwa haraka. Wengi husahau kwamba jeshi humtazama mtu mwili kabla ya kumtazama kitu kingine, na mwili una kalenda yake. Hauharakishwi kwa hofu wala kwa hongo.

Ukurasa huu ni wa afya, kwa hivyo nitasema zaidi juu ya afya. Lakini msomaji ataona kwamba swala la pesa nalo haliepukiki.

VIPIMO VYENYEWE

Matangazo ya miaka ya hivi karibuni ya Jeshi la Ulinzi la Kenya yamekuwa yakitaja masharti yale yale. Anayetaka kuwa kurutu wa kawaida awe raia wa Kenya mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 26. Kimo chake kisipungue mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3. Uzani usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Awe na afya njema na asiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili wala wakati wa mafunzo.

Hayo ndiyo yanayoandikwa. Uwanjani, maafisa humkagua kijana kuanzia utosini hadi unyayoni: meno, macho, viungo vya mikono na miguu, na jinsi anavyosimama. Hukimbizwa. Wanaovuka hapo huchunguzwa na madaktari kabla ya kuanza mafunzo.

Watu wengi hushangaa kwa nini jeshi linataka kilo 54.55 wala si 54 au 55. Hakuna uchawi. Hizo ni ratili 120 za kale zilizogeuzwa kuwa kilo, na zile 50 za wanawake ni ratili 110. Jambo la kuzingatia ni kwamba hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kijana wa mita 1.60 mwenye kilo 54.55 ana mwili wa kadiri. Lakini kijana wa mita 1.80 mwenye uzani huo huo amekonda kupita kiasi, kwani kwa kimo chake anahitaji kilo 60 hivi ndipo madaktari wasimhesabu miongoni mwa waliokonda. Huenda mizani ikamkubali, lakini mafunzo yatamlemea. Kwa hivyo, kijana mrefu asitosheke na namba iliyochapishwa gazetini.

HILA ZA DAKIKA YA MWISHO

Hapa ndipo hatari inapoanza. Anayejua kwamba amepungukiwa na kilo mbili au tatu huenda uwanjani akiwa amekunywa maji mpaka tumbo likavimba na kula mkungu wa ndizi juu yake. Ni kweli kwamba lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Lakini maji mengi yakiingia mwilini kwa muda mfupi huzimua chumvi iliyo katika damu. Mtu huanza kuumwa na kichwa na kutapika, akili humchanganyika, na ikizidi ubongo huvimba na anaweza kufa. Hata asipofikia hapo, atakimbia vipi akiwa na tumbo linalotikisika kama mtungi? Amewahadaa wenye mizani kwa dakika tano, kisha anashindwa mbele ya umati mzima.

Kuna hila ya pili, nayo ni dawa za maumivu. Kijana aliyekimbia kwa fujo wiki mbili huwa magoti na miguu inamwuma. Rafiki humpa vidonge vya diclofenac au ibuprofen avimeze asubuhi ya usajili. Dawa hizi zina kazi yake, lakini kuzimeza wakati mwili umekauka maji na unakaribia kufanya kazi nzito ni kuzidhulumu figo. Isitoshe, maumivu ni mlinzi. Ukimziba mdomo, mwizi ataingia usiamke.

Tena wapo wanaojaza tumbo kwa vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu. Vingi vya vinywaji hivyo vina kafeini, ambayo hufanya moyo kudunda kasi. Moyo ambao tayari unaenda mbio kwa hofu na jua hauhitaji kiboko kingine.

Hila kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayosifiwa na kila mtu: kutoka kitandani siku moja na kuanza kukimbia kilomita kumi kila asubuhi. Mapafu na moyo huzoea kazi katika muda wa wiki chache. Mifupa na kano huchelewa. Mfupa ukipigwa na uzito mpya kila siku bila kupumzishwa huanza kupata nyufa ndogo, hasa kwenye muundi na katika mifupa ya unyayo. Jambo hili lilielezwa na daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, mwaka 1855, baada ya kuona miguu ya askari ikivimba na kuuma kwa sababu ya kutembea mwendo mrefu. Hadi leo nyufa hizi huwarudisha nyumbani makurutu katika majeshi ya nchi nyingi. Dalili yake ni maumivu ya mahali pamoja, ambapo ukipabonyeza kwa kidole unaruka. Dawa yake ni kupumzika kwa wiki kadhaa. Anayeupata ufa wiki moja kabla ya usajili ameipoteza nafasi yake kwa mikono yake.

JOTO, MISULI NA DAMU

Kuna madhara mengine ambayo ni mabaya zaidi kwa kuwa yanaweza kuua siku hiyo hiyo. Mtu asiyezoea kazi nzito akijilazimisha juani, joto la mwili linaweza kupanda mpaka ubongo ukashindwa kufanya kazi. Ataanza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka, kisha kuanguka. Mwenzako akifikia hali hiyo, usimkemee ati amalize mbio. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee na mtafute msaada wa hospitali mara moja. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote, maana kitampalia.

Pia, misuli iliyolazimishwa kupita uwezo wake inaweza kuvunjikavunjika ndani kwa ndani. Takataka zake huingia katika damu na kuharibu figo. Kijana ataona misuli imevimba na kukaza, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Huo si uchovu wa kawaida wa kungojea upoe. Ni wa kukimbiliwa hospitalini.

Wako watu ambao hatari hii kwao ni kubwa zaidi. Katika maeneo yenye malaria nyingi, kama vile kando ya Ziwa Victoria na Pwani, wakazi wengi wamerithi nusu ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hawaugui, na wengi wao hawajui kabisa kwamba wanayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1987 ulionyesha kwamba miongoni mwa makurutu weusi wa nchi hiyo, wenye kurithi namna hiyo walikufa ghafla mazoezini zaidi ya mara 20 kuliko wenzao. Lakini utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016, ambao uliwafuatilia askari weusi karibu 48,000, haukuona tofauti yoyote ya vifo. Madhara ya misuli bado yalikuwa mengi zaidi kwa wenye kurithi, lakini hawakuwa wakifa kuliko wengine. Kilichokuwa kimebadilika si damu yao. Jeshi hilo lilikuwa limeweka kanuni kwa kila askari: maji ya kutosha, mapumziko ya kivuli, na mazoezi ya kupanda ngazi moja moja.

Nadhani hakuna ushahidi bora kuliko huo wa yale ninayoyasema. Mwili ule ule unaoanguka ukiburutwa kwa pupa husimama imara ukipandishwa polepole.

MIEZI MITATU INATOSHA

Basi kijana afanye nini? Kwanza, asingojee tangazo. Tangazo likitoka, muda uliobaki ni wa kutayarisha vyeti na kitambulisho, wala si wa kutayarisha mwili. Yeyote aliyemaliza kidato cha nne na anatamani jeshi aanze leo, na ajipe miezi mitatu.

Kabla ya kuanza, apite kwenye zahanati au kituo cha afya. Apimwe shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, na ikiwezekana selimundu. Akaguliwe macho na meno. Jino lililooza huzibwa, na ngiri hupasuliwa na kupona, lakini mambo haya yanataka muda. Aliyewahi kuzirai akicheza mpira, anayeumwa kifua akikimbia, au ambaye kwao kuna kijana aliyekufa ghafla bila kuugua, asianze mazoezi kabla ya kuonana na daktari.

Mwezi wa kwanza ni wa kuzoea. Siku nne kwa wiki, nusu saa kila siku. Kimbia polepole dakika mbili, tembea dakika mbili, hivyo hivyo mpaka muda uishe. Mwendo ulio sawa ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukata maneno. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Siku mbili kati ya hizo, ongeza mazoezi ya kujenga misuli: kujisukuma kutoka chini kwa mikono, kuchuchumaa na kuinuka, kulala chali na kuinua kifua, na kujivuta juu kwenye tawi la mti au goli la mpira. Ikiwa huwezi kujisukuma kutoka chini hata mara tano, anza kwa kuegemea ukuta au kwa kupiga magoti. Hakuna aibu. Aibu ni kuumia bega.

Mwezi wa pili, kimbia nusu saa bila kusimama. Siku moja katika wiki tafuta mlima au mteremko, upande kwa mbio fupi na kushuka ukitembea. Zidisha mazoezi ya misuli kidogo kidogo. Kanuni ya wakufunzi wengi ni kwamba masafa ya wiki hii yasizidi ya wiki iliyopita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Aliyekimbia kilomita 20 wiki hii asivuke kilomita 22 wiki ijayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwezi wa tatu ni wa kasi. Siku moja kimbia mwendo mrefu wa kilomita nane hivi, na siku nyingine kimbia masafa mafupi kwa nguvu ukipumzika katikati. Wiki ya mwisho punguza kila kitu kwa nusu ili mwili ufike uwanjani ukiwa na hamu ya kazi.

Anayetaka kujua kama anasonga mbele atumie kipimo cha daktari Kenneth Cooper wa jeshi la wanahewa la Marekani, kilichochapishwa mwaka 1968. Kimbia dakika 12 tu, kisha pima umefika wapi. Uwanja wa riadha wa kawaida una mita 400 kwa mzunguko mmoja. Kijana wa kiume anayemaliza mizunguko sita katika dakika hizo, yaani mita 2,400, yuko katika hali nzuri. Msichana anayefikisha mita 2,200 pia yuko vizuri. Jipime mara moja kila mwezi na uandike kwenye daftari. Daftari halidanganyi kama marafiki wanavyodanganya.

Vijana wa Pwani, Garissa au Lodwar wakumbuke jambo moja zaidi. Makurutu hufunzwa Eldoret, mahali palipo karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na mgeni hukatika pumzi wiki za kwanza. Hawezi kuibadilisha hewa, lakini akifika akiwa amejijenga vizuri atazoea mapema.

Na miezi hiyo mitatu isiwe ya kukimbia asubuhi na kuvuta sigara jioni. Anayevuta sigara au bangi, anayekesha akitafuna miraa, na anayekunywa pombe za vichochoroni anabomoa usiku alichokijenga mchana. Mwili hukua ukiwa umelala. Usingizi wa saa saba au nane ni sehemu ya mazoezi.

CHAKULA SI LAZIMA KIWE CHA DUKA KUBWA

Kuna vijana wanaodhani kwamba ili kuongeza uzani lazima wanunue unga wa mikebe unaouzwa na wenye kumbi za mazoezi. Si kweli. Mwili unaofanya mazoezi unahitaji vyakula vya kuujenga, na hivyo tunavyo jikoni. Yai moja lina gramu sita hivi za protini, kikombe cha maziwa nane, na kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa kama 15. Omena, ndengu, kunde na njugu havichukuliwi kuwa vyakula vya heshima, lakini mwili hauangalii heshima. Kijana wa kilo 55 akipata uji wa wimbi wenye maziwa asubuhi, githeri mchana, na ugali kwa omena na sukuma wiki jioni, kisha akaongeza mayai mawili na viazi vitamu katikati ya siku, anakula kama mwanariadha.

Kuongeza nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa miezi mitatu, hizo ni kilo tano au sita za kweli, ambazo hazitatoka kwa kukojoa. Kwa upande wa pili, aliyenenepa kupita kiasi apunguze vinywaji vya sukari, mandazi na chipsi, wala asijinyime chakula kabisa. Anayefunga ili apungue hupunguza pia misuli aliyoitolea jasho.

WASICHANA WASISAHAULIWE

Tatizo moja la wasichana wengi halionekani kwa macho, nalo ni upungufu wa damu. Hedhi nzito, malaria ya mara kwa mara na chakula kisicho na madini ya chuma humfanya msichana kuchoka baada ya mita mia chache, na watu husema ni mvivu. Apimwe damu mapema. Ini, nyama, omena, maharagwe na mboga za majani husaidia, na machungwa au maembe yakiliwa pamoja navyo husaidia zaidi. Chai inywewe mbali na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ikibidi vidonge, daktari ataviandika.

Na wazazi wawaruhusu mabinti kufanya mazoezi. Mvulana akikimbia alfajiri husifiwa, lakini msichana huulizwa anaenda wapi. Ikiwa kuna hofu ya usalama, na iko, basi wakimbie kundi zima, au kaka yake aandamane naye. Kumfungia nyumbani miezi mitatu kisha kumtuma uwanjani ashindane ni kumwonea.

NG'OMBE ALIYEUZWA

Sasa nirudi kwenye pesa. Mwezi Oktoba mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha usajili wa makurutu 10,000 wa polisi kwa sababu ya ufisadi na kasoro nyingine zilizojaa katika shughuli hiyo. Ikabidi usajili urudiwe mwaka uliofuata. Kama kuna mzazi aliyekuwa ametoa hongo, alikwenda kudai wapi? Kwa upande wa jeshi, katika miaka kadhaa wamekuwako vijana waliofika Eldoret wakiwa na barua bandia walizouziwa na matapeli, wakakamatwa langoni. Familia ikapoteza pesa, na mtoto akapata kesi.

Wizara imekuwa ikirudia katika matangazo yake kwamba usajili haulipiwi. Najua kuna watakaocheka wakisoma hayo, kwa sababu wanajua yaliyotendeka mitaani kwao. Sikatai kwamba ufisadi upo. Lakini hebu tupige hesabu kama watu wazima. Bei ya ng'ombe mmoja ingenunua trei ngapi za mayai? Ingelipia ukaguzi wa meno, kipimo cha damu na viatu vya kukimbilia, na bado ikabaki ya nauli. Hongo ikipotea imepotea yote. Mayai hayapotei. Hata kijana asipochukuliwa, nguvu zile zinabaki mwilini mwake.

Tena kuna jambo ambalo wanyonge wasilisahau. Katika nchi hii ambapo mtoto wa tajiri hupata shule bora na marafiki wa kumpigia simu, mbio ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo mtoto wa maskini anaweza kushinda bila kumwomba mtu. Mbona tuiache nafasi hiyo ili tukashindane kwa pesa, mahali ambapo tumeshashindwa?

KIMO HUJENGWA UTOTONI

Hata hivyo, haifai kumlaumu kijana kwa kila kitu. Mazoezi yanaweza kuongeza pumzi na misuli, na chakula kikaongeza kilo. Lakini hakuna mazoezi yatakayomwongezea kijana wa miaka 20 sentimita tatu. Sehemu kubwa ya kimo alichonacho iliamuliwa tumboni mwa mama na katika miaka yake miwili ya kwanza, kwa yale aliyokula na maradhi yaliyompata.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008-09 uligundua kwamba kati ya kila watoto 100 wa Kenya wa chini ya miaka mitano, 35 walikuwa wamedumaa. Watoto hao ndio wengi wa vijana wanaojitokeza kusajiliwa siku hizi. Anapogeuzwa mmoja kwa sababu amepungukiwa na kimo, huenda tunamwadhibu kwa njaa ya mwaka 2008. Habari njema ni kwamba katika uchunguzi wa mwaka 2022 idadi ilikuwa imeshuka hadi 18 katika kila 100. Ni hatua kubwa, lakini 18 bado ni wengi.

Wenzetu waliwahi kuzinduliwa na jambo hili hili. Mwaka 1899, Uingereza ilipokuwa ikitafuta askari wa kwenda kupigana Afrika Kusini, wanaume wapatao 11,000 walijitokeza katika jiji la Manchester. Takriban 8,000 walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Serikali ilishtuka na kuunda kamati ya kuchunguza, na mwaka 1906 sheria ikapitishwa ya kuwezesha watoto maskini kulishwa shuleni. Hapa kwetu, maziwa ya shule yaliyoanzishwa mwaka 1979 bado yanakumbukwa na kizazi kizima. Anayetaka jeshi lenye nguvu mwaka 2045 aanze na sahani ya mtoto anayeingia chekechea leo.

LA KUFANYWA

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, Wizara ya Ulinzi itangaze mapema, miezi mitatu kabla ikiwezekana, na pamoja na masharti ichapishe mwongozo mfupi wa kujitayarisha bila kujiumiza. Pili, serikali za kaunti ziwafungulie vijana viwanja asubuhi na mapema, na zahanati zitenge siku ya kuwapima wanaojiandaa. Siku yenyewe ya usajili, pawe na maji, kivuli na mhudumu wa afya katika kila uwanja, na mbio zifanywe kabla jua halijawa kali. Tatu, walimu wakuu wakirudishe kipindi cha mazoezi ya viungo mahali pake. Katika shule nyingi kipindi hicho kiko kwenye ratiba ukutani, lakini wakati wake ukifika mwalimu wa hesabu huingia darasani.

Na kwako kijana, kuna ukweli ambao hakuna afisa atakayekuambia uwanjani. Nafasi ni chache na ninyi ni wengi. Yawezekana ukafanya kila kitu sawasawa na bado usichaguliwe. Anayekwenda huko kwa maji ya tumboni na vidonge mfukoni, akikataliwa, atarudi nyumbani mikono mitupu na labda mgonjwa. Aliyejitayarisha miezi mitatu atarudi na moyo wenye afya, pumzi ndefu na mazoea ya kuamka mapema, na atakuwa tayari kwa usajili ujao, uwe wa jeshi, wa polisi, wa magereza au wa huduma ya misitu. Kesho asubuhi usikimbie kilomita kumi. Tembea na kukimbia nusu saa, rudi nyumbani, kunywa uji, na uandike tarehe kwenye daftari.